Searching, Host au C U Soon: uweke ipi Jumamosi, na nani awepo sebuleni

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Moshi, kibanda changu kiko karibu na stendi. Jumamosi jioni sebule yetu ya Pasua hugeuka ukumbi wa sinema. Projekta naazima kwa rafiki yangu anayepiga picha za harusi, shuka jeupe linatundikwa ukutani, mama mdogo anakaanga ndizi, na watoto wa jirani wanaingia mmoja mmoja mpaka viti vinaisha. Nimewawekea za kila namna: za kivita, za Kikorea, za kwetu. Ila ipo aina moja ambayo bado watu wananiuliza waanze na ipi, nayo ni ile ambayo toka mwanzo hadi mwisho hutoki ndani ya kioo cha kompyuta. Hakuna kamera inayomfuata steringi barabarani. Unaona anachokiona yeye tu: meseji, ramani, akaunti zake, sura za watu kwenye vidio, na mshale wa mausi unaohangaika huku na huku.

Jibu langu hutegemea mambo mawili. Kwanza, nani anaangalia na kioo chake kina ukubwa gani, kwa sababu filamu hizi zinasomwa kama zinavyotazamwa. Pili, na hili ndilo ninalolijali zaidi: je, ukimwangalia mtu anavyotumia kompyuta yake, unaujua moyo wake? Maana zipo ambazo kioo ni pambo tu.

Mara ya kwanza nilikosea. Niliweka Unfriended ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Levan Gabriadze na kutayarishwa na Timur Bekmambetov, yule mzaliwa wa Kazakhstan ambaye ameipigania aina hii kuliko mtu mwingine yeyote. Wanafunzi kadhaa wanapigiana vidio kwa Skype usiku, mwaka mmoja baada ya mwenzao, Laura Barns, kujiua kwa sababu ya video ya kumdhalilisha iliyosambazwa mtandaoni. Kwenye mazungumzo yao anaingia mtu asiye na sura, na hawawezi kumtoa. Sisi tumo ndani ya laptopu ya binti mmoja, Blaire, na hatutoki.

Nusu ya filamu ile imeandikwa, haisemwi. Kwenye shuka letu lenye mikunjo, herufi za meseji zilikuwa kama mchwa. Mama mdogo akauliza, "Mwanangu, huyo binti anaandika nini?" Nikaanza kumsomea kwa Kiswahili neno kwa neno. Nilipofika katikati ya sentensi, Blaire akasita, kisha akaifuta yote herufi kwa herufi, akaandika kitu kingine kifupi kisicho na uzito. Nikanyamaza. Mama mdogo akasema, "Aa. Ameogopa."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Uso wa binti ulikuwa umejificha nyuma ya dirisha la meseji wakati huo. Aliijua hofu yake kwa kuona maneno yanarudi nyuma. Toka siku ile napima filamu hizi kwa kile mtu anachoandika halafu akakifuta, na ninaamini ni kipimo cha haki.

Hapo ndipo ilipo shida ya tafsiri pia. Sisi tumelelewa na filamu za kutafsiriwa. Toka enzi za Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu, tumezoea sauti ya mtu anayetueleza kinachoendelea huku akitia chumvi yake, na ni sanaa ninayoiheshimu. Lakini filamu ya aina hii hujengwa kwa ukimya. Sekunde kumi za mshale uliosimama juu ya kitufe cha kutuma ndizo filamu yenyewe, na mtafsiri akizijaza kwa maneno, umebaki na picha ya kompyuta tu. Kwa hiyo ukipata nakala iliyotafsiriwa kwa sauti, hasa ya Unfriended au Searching, tafuta ya asili, umkalishe karibu yako mtu anayejua Kiingereza, asome pale panapohitajika na anyamaze pale panapotakiwa kunyamaziwa.

Halafu ubora wa picha. Kwenye filamu ya kivita, nakala ya 480 inatosha, bunduki itaonekana. Kwenye hizi haitoshi, herufi zinageuka ukungu. Chukua 720 kwa uchache, 1080 kama bando linaruhusu. Na uipakue kabla. Usiitazame moja kwa moja mtandaoni, kwa sababu ndani ya filamu zenyewe picha hukwama, sauti hukatika, uso wa mtu huganda ukiwa nusu umefunguka, na hapo huwezi kujua kama ni hadithi au ni mtandao wako. Usiku ule wa Unfriended niliinuka mara mbili kugusa waya wa projekta, na mara zote mbili waya ulikuwa mzima.

Searching ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sababu yake siyo ya kisinema peke yake.

Mama mmoja wa Kibosho aliwahi kuniletea laptopu ya marehemu mumewe. Alitaka picha zitolewe kabla mashine haijafa kabisa. Nilipoiwasha, kwenye kioo cha mbele kulikuwa na folda za ujenzi, risiti za saruji zilizopigwa picha kwa simu, na faili moja la barua. Nililifungua nikidhani ni orodha ya vifaa. Lilikuwa na mstari mmoja: "Wanangu, kuhusu kihamba", yaani shamba la ukoo. Baada ya hapo hakuna kitu, ni kile kijistari kinachowaka na kuzima kikisubiri neno linalofuata. Nililifunga bila kugusa herufi hata moja, nikamwita mama yule aje alione mwenyewe.

Aneesh Chaganty, aliyeiongoza Searching mwaka 2018 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliwahi kufanya kazi ya matangazo Google, na inaonyesha anajua kwamba kompyuta ya familia ni sanduku la kumbukumbu. Dakika za mwanzo ni kompyuta ya zamani ya Windows, ile yenye kilima cha kijani na anga la buluu, ambayo kila aliyewahi kuingia intaneti kafe ya hapa mjini miaka ile anaijua. Tunaona akaunti ya mtoto ikifunguliwa, picha za siku ya kwanza ya shule kila mwaka, na kalenda. Mama anaumwa saratani. Binti anaandika kwenye kalenda siku ambayo mama atarudi nyumbani. Siku ile inasogezwa mbele. Kisha mshale unaichagua na kuifuta. Hakuna jeneza wala maombolezo yanayoonyeshwa, na bado sebule yetu ilikuwa kimya kama ya matanga.

Baada ya hapo binti, Margot, akiwa na miaka kumi na sita anatoweka, na baba yake, David Kim, anayechezwa na John Cho, anafungua laptopu ya mwanawe kumtafuta. Anaanza na kazi ambayo mimi huifanya kila wiki: kubadilisha nywila kwa kupitia barua pepe, kutoka akaunti hii kwenda ile. Kila hatua ni ya kweli. Nimeikagua kwa jicho la ufundi na sikuona lile jambo la mtu kubonyeza vitufe kama anapiga ngoma halafu "amehaki" benki. Anagundua kwamba masomo ya piano aliyokuwa akiyalipia binti aliyaacha miezi sita iliyopita. Anagundua hamjui mwanawe. Na mapema kabisa kuna ujumbe anaomwandikia kuhusu mama, anausoma, halafu anaufuta. Ukitaka kujua kama filamu hii ni ya kwako, iangalie mpaka hapo. Kama ujumbe ule haukukugusa, zilizobaki hazitakugusa.

Picha zenyewe zilipigwa kwa siku 13, lakini uhariri ulichukua zaidi ya mwaka, kwa sababu kila dirisha unaloliona lilitengenezwa upya na kusogezwa kwa mkono. Haikufika hata dola milioni moja kuitengeneza, ikaingiza karibu milioni 75 duniani. Kwa vijana wa Arusha na Moshi wanaosema hawawezi kutengeneza filamu kwa kukosa kamera kubwa, ningependa waiangalie wakiwa na kalamu mkononi.

Mapungufu yake? Kuelekea mwisho inakimbilia habari za televisheni na kamera za ulinzi ili itoke nje ya laptopu, na mafumbo yanafunguka haraka mno. Pia ina maandishi mengi. Kwa watu ishirini na projekta haifai. Kwa watu wawili au watatu na laptopu ya inchi kumi na tano juu ya meza, taa imezimwa, ni bora kuliko zote. Mara ya pili niliitazama hivyo, imejaza kioo kizima, na mkono wangu ulikwenda kwenye mausi kumsaidia baba yule kufungua barua pepe aliyoiruka.

Wapo wanaoniambia Missing ya mwaka 2023 ni kali zaidi. Waliitengeneza wahariri wa Searching, Will Merrick na Nick Johnson, na safari hii ni binti anayemtafuta mama: June anabaki nyumbani Marekani, mama yake anakwenda Cartagena, Kolombia, na mchumba wake, na siku ya kurudi hawatokei uwanja wa ndege. June ana kasi ya kidole ya kizazi chake, madirisha kumi kwa wakati mmoja. Ninachokipenda ni pale anapoongea na watu wa Kolombia kwa programu ya kutafsiri, na anapomkodi mtu wa kule kwa njia ya mtandao, Javi, amfanyie mizunguko. Urafiki wa watu wawili ambao hawajawahi kukutana, wanaoelewana kwa sentensi mbovu mbovu, ndio wenye joto kuliko sehemu nyingine yoyote ya filamu. Lakini mizunguko ya hadithi imezidi, na kasi ile inakunyima zile sekunde za kusitasita. Iangalie baada ya Searching, usitangulie, kwa sababu mapema kabisa ndani yake kuna kipindi kinachosimulia upya mkasa wa Searching na kukumalizia utamu.

Sasa, kama sebule imejaa, weka Host.

Ni ya Uingereza, ya Rob Savage, ilitoka Julai 2020 watu wakiwa wamefungiwa ndani kwa ajili ya korona. Wazo lilizaliwa na mzaha aliowafanyia rafiki zake kwenye Zoom, akijifanya anakwenda kuchungulia darini kuna nini. Toka hapo mpaka filamu kutoka zilipita wiki kumi na mbili tu. Waigizaji walikuwa kila mmoja kwake, wanajipangia kamera na taa wenyewe, mwongozaji anawaelekeza kwa mbali. Haifiki saa moja. Rafiki sita wanamwalika mama mmoja mwaguzi awaongoze kuita roho za wafu kupitia Zoom.

Kusoma ni kidogo sana. Ni nyuso, mishumaa, milango, na kelele. Mtoto wa darasa la nne na bibi wa miaka sabini wanaelewa kwa pamoja, japo yule wa darasa la nne nilimrudisha kwao kabla haijaanza, na wewe ufanye hivyo. Chanzo cha balaa ni binti mmoja, Jemma, anayejitungia marehemu ambaye hakuwepo, ili awacheke wenzake. Mama mdogo hakuhitaji tafsiri. "Wafu hawataniwi," akasema, akaacha kukaanga, akasogeza kiti.

Kwa kipimo changu cha kuandika na kufuta, Host haina kitu. Inatumia njia nyingine ya kioo ambayo nayo naiheshimu: ule uongo mdogo wa vidio. Mmoja wao, Caroline, amejirekodi akiingia chumbani kwake, akaiweka video ile iwe ndiyo mandhari ya nyuma, inajirudia rudia. Mwanzoni ni kichekesho. Baadaye unatazama ile video ikijirudia, Caroline anaingia mlangoni anatabasamu, anaingia mlangoni anatabasamu, na unajua chumba halisi nyuma ya picha ile kina nini. Hiyo sikuwahi kuiona kwenye filamu yoyote ya kutisha ya kawaida, na isingewezekana huko. Hata ukomo wa dakika 40 wa Zoom ya bure wameutumia kama saa ya kifo.

Kati ya Host na Unfriended, basi, kwa wanaotaka kuogopa tu: Host kwa kundi, Unfriended kwa mtu mmoja mwenye spika za masikioni. Unfriended ina jambo zito zaidi la kusema, maana inazungumzia aibu ya video iliyosambazwa na rafiki waliokaa kimya, na hilo linatokea kwetu pia, kwenye magrupu ya WhatsApp ya shule zetu. Lakini inaonyesha watu wakijidhuru bila kupunguza. Kama nyumbani kuna kijana anayepitia kipindi kigumu, usiiweke. Nimemkatalia baba mmoja aliyetaka kumwekea mwanawe "ajifunze". Kuna kuzungumza na mtoto, na kuna kumtisha. Tena Skype yenyewe ilifungwa Mei 2025, na vijana wa sasa hata mlio wake hawaujui, wakati sisi mlio ule peke yake ulitusisimua.

Profile ya Bekmambetov mwenyewe, kuhusu mwandishi wa habari wa London anayejifanya mtandaoni amesilimu ili awanase wanaowasajili wasichana kwenda Syria, ina mwigizaji mzuri, Shazad Latif, na chanzo chake ni kitabu cha mwandishi aliyeyapitia hayo. Naitambua nguvu yake, ila sebuleni kwetu majirani Waislamu na Wakristo wanakaa bega kwa bega, na sikuona sababu ya kuiweka. Unfriended: Dark Web ya 2018 ni ukatili mtupu bila mtu wa kumhurumia. Ipite.

C U Soon nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyokaa kwetu. Ni ya India ya kusini, kwa lugha ya Kimalayalam, ya Mahesh Narayanan, ilitoka Prime Video tarehe 1 Septemba 2020. Nayo ilitengenezwa wakati wa korona, ikapigwa kwa simu ya iPhone. Kijana Jimmy, aliyeko Falme za Kiarabu, anakutana mtandaoni na Anu, na baada ya siku chache tu anataka kumwoa. Mama yake Jimmy hatulii. Anamwomba binamu wa kijana, Kevin, mtaalamu wa kompyuta, amchunguze binti ni wa nani na katokea wapi.

Mama mdogo aliposikia hivyo akacheka kwa furaha. Posa bila kuuliziana ukoo? Filamu ya Marekani ingehitaji maelezo, hii haikuhitaji. Kisha Anu anatoweka, ameacha video, na uchunguzi uliokuwa wa ndoa unageuka kuwa wa uhai wa mtu. Kevin, anayechezwa na Fahadh Faasil, ni fundi kama mimi, mwenye dharau kidogo, anayefungua akaunti za binti wa watu kana kwamba anafungua mashine ya ofisi. Namna dharau ile inavyomtoka kadiri anavyosoma, kimya kimya, macho yake yakiwa kwenye kioo, ndiyo uigizaji bora niliouona katika aina hii yote. Uso wake uko pale pale mbele ya kamera, hana pa kuuficha.

Kiufundi Searching imeipita. Mahali pengine C U Soon inakuza picha na kuizungusha kwa muziki mzito pale ambapo ukimya ungetosha, na njia za Kevin za kupata taarifa ni nyepesi kuliko zilivyo kihalisia. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo sebule inahitaji msimuliaji. Nilifanya hivyo mwenyewe, nikisema maneno machache kila dakika mbili, na ilitosha, kwa sababu kinachohitajika kimeandikwa kwenye nyuso za kwenye vidio. Ingawa imetoka mbali, kwa familia ya hapa ningeiweka kabla ya Searching.

Mara ya mwisho niliiweka kwa makusudi. Binti wa jirani, miaka ishirini na moja, alikuwa ameshapata viza ya kwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni, na nyumba nzima ilikuwa na furaha ambayo sikutaka kuiharibu kwa maneno. Alikaa kwenye mkeka karibu na projekta, uso wake ukipigwa na mwanga wa pembeni. Ndizi zilipoa kwenye sinia. Ilipoisha hakusema kitu, akasaidia kukunja shuka. Tukiwa mlangoni akaniomba kalamu na karatasi, akaniandikisha namba yangu, ya mama yake, na ya mjumbe wa mtaa. Nikamwambia namba zote hizo anazo kwenye simu.

"Simu wanaweza kunichukua, kaka," akasema, akaikunja karatasi mara nne na kuiweka kwenye pindo la kitenge.